Kiti cha Mshauri wa Mila

Kalolaine alikuwa amepiga magoti chini ya mashine ya kukaushia mikono, kwapa moja juu kama kuku aliyening'inizwa sokoni, ili upepo wa moto upenye kwenye blauzi. Blauzi ya kuendea usaili ilikuwa hiyo hiyo moja. Alikuwa ameivaa ndani ya sare ya kazi ili aokoe muda, na Bwana Dugald wa chumba cha pembeni, ambaye kwa kawaida hana nguvu hata ya kupiga chafya, asubuhi hiyo alikohoa uji ukapenya sare, ukapenya blauzi, na ungeukuta mfupa nao ungeupenya.

Mlango wa choo cha wafanyakazi ukagongwa.

"Kalo! Umehamia humo? Tuanze kukuletea barua?"

Huyo alikuwa Darlene, msimamizi wa nyumba ya wazee.

"Natoka, Darlene. Zamu yangu imeisha."

"Imeisha kwenye karatasi. Wazee bado wako vitandani na yule msichana mpya amelia, ameondoka. Nivushe tu mpaka chai."

"Leo nina usaili. Nilikwambia. Jana nikakukumbusha."

"Ah, ule wa unesi!" Darlene alicheka kwa wema kabisa. "Sasa ukiwa nesi, bibie, nani ataninyanyulia Dugald? Nesi hanyanyui mtu. Nesi ananyanyua kalamu."

Kalolaine akamnyanyua Dugald. Akamfuta kidevu, akamkalisha dirishani, akakimbilia treni na kwapa moja bado bichi.

Kwao Tonga alikuwa mwalimu wa biolojia. Shahada yake aliisomea mji wa Suva, na alipofika magharibi ya Sydney watu wa vyuo waliiangalia kama samaki wa juzi. Somo lake la mwili wa binadamu, wakamwambia, limepitwa na wakati. Kana kwamba tangu ahitimu figo zimehamia kifuani. Akalisoma upya jioni baada ya kazi, akisinzia juu ya picha za misuli hadi wino ukamganda shavuni. Yote hayo ni kwa sababu chuo kikuu kimoja kilikuwa kinawachukua watu wenye shahada nyingine na kuwafanya manesi kwa miaka miwili. Mwaka huu alikuwa ameitwa kwenye usaili. Mwaka ujao lile somo lingekuwa limechakaa tena, na angeanzia kwenye figo.

Kwenye ukumbi wa chuo alipokelewa na katibu, binti mchangamfu aliyeitwa Bridie.

"Karibu, mpenzi! Usiogope, ni watu watatu tu. Na tumekuandalia kitu kizuri. Tumemleta mtu wa kwenu."

Kalolaine akachungulia kwenye kioo cha mlango. Mwanamama mwenye miwani, huyo bila shaka ndiye Dokta Halloran, mkuu wa usaili. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna biskuti. Na katikati yao, suti nyeusi, mkeka wa heshima umefungwa kiunoni juu ya suruali, Sitiveni.

Sitiveni, mtoto wa mama yake mkubwa. Walinyonya titi moja, mama zao walipokuwa wakipokezana shamba.

"Yule ni kaka yangu," alisema.

Bridie akashtuka, akafungua kompyuta. "Kaka? Baba mmoja, mama mmoja?"

"Mama zetu ni ndugu."

"Aa! Binamu!" Bridie akashusha pumzi. "Umenitisha. Binamu ruksa. Kanuni zinakataza mzazi, mume, mtoto, na ndugu wa tumbo moja. Binamu hawamo."

"Kwetu hakuna binamu. Ni kaka. Siwezi kusailiwa nimekaa naye."

"Mpenzi, yupo hapo kwa ajili yako. Unajua tumehangaika vipi kumpata mshauri wa mila?"

Kwa Watonga, kaka na dada wakishakua hawalali nyumba moja, hawatazami filamu pamoja, na neno la mwili halitamkwi mbele yao wakiwa wawili. Mjomba wao mmoja alirukia dirishani kwa sababu televisheni ilianza kutangaza dawa ya choo kigumu wakati dada yake anaingia sebuleni. Alivunjika mguu. Katika ukoo mzima hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kalolaine akaingia, akakaa. Sitiveni alimwona, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekanyaga mwiba kanisani. Akainua macho darini, yakabaki huko.

"Kalolaine," alisema Dokta Halloran, "kwa nini unesi?"

Hilo alilijibu. Alieleza kuhusu watoto aliowafundisha, kuhusu wazee anaowahudumia. Mwenye biskuti akaitikia kwa kichwa, akaandika. Dokta akatabasamu. Kwa muda mfupi Kalolaine alijiona amevaa sare ya bluu yenye jina kifuani.

"Vizuri sana. Sasa swali la kazi yenyewe. Mgonjwa wako ni mwanamume wa makamo. Mkojo wake umeziba, unatakiwa kumwekea mpira wa kuutoa. Ana aibu, anatoa mizaha michafu. Utamwambia nini, na utafanya nini, hatua kwa hatua?"

Jibu alikuwa nalo. Alilirudia kwenye treni akitikisa midomo, mpaka abiria wa mbele akahama kiti. Alifungua mdomo. Kwenye pembe ya jicho aliona masikio ya Sitiveni, mekundu kama pilipili.

Akafunga mdomo.

"Chukua muda wako," Dokta alisema.

"Naomba niandike jibu."

"Waombaji wote hujibu kwa mdomo. Ni haki sawa kwa kila mtu."

"Basi naomba… yeye atoke kidogo."

"Bwana Sitiveni?" Dokta alivua miwani. "Bila yeye jopo halijatimia. Na tumemweka hapo ili wewe ujisikie huru. Hapa hakuna aibu, Kalolaine. Nesi hutamka viungo vyote."

"Si aibu, Dokta."

"Ni nini, basi?"

Kulieleza mbele ya Sitiveni kulikuwa ni kulitamka.

Dokta akageuka, kwa upole na matumaini, kama mtu anayewasha taa aliyoilipia. "Bwana Sitiveni, tusaidie. Kuna jambo la kimila hapa?"

Sitiveni angeweza kusimama. Mjomba wake alirukia dirisha lililofungwa. Yeye alikuwa na mlango, na mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Lakini kazi ya mshauri ilikuwa ya majaribio, na alikuwa amekwisha kuwaambia watu kanisani kwamba chuo kikuu kinamtegemea.

"Watu wetu," aliiambia dari, "ni wapole. Wanawake wetu huwa hawasemi sana."

"Asante," Dokta alisema, akaandika.

Mwenye biskuti akaangalia simu yake. Muda ulikuwa umeisha.

Jibu lilikuja kabla ya Jumapili. Walimsifu kwa moyo wake. Upande wa mawasiliano, alikuwa chini ya kiwango.

Mama yake, Fusi, alikuwa anachambua majani ya magimbi jikoni.

"Ngoja kwanza," Fusi alisema, akaweka kisu chini. "Wakalitaja jambo hilo, na Sitiveni amekaa?"

"Amekaa."

"Na wewe ukasema?"

"Sikusema."

Fusi akafunika uso kwa mikono yenye utomvu, akalia kwa furaha. "Mungu mkubwa! Ungesema, uso wangu ningeuweka wapi Jumapili? Nimezaa mtu!"

"Mama, nimekosa nafasi."

"Nafasi zipo nyingi, mwanangu. Kaka unaokota wapi?"

"Yeye mbona hakutoka?"

Fusi akachukua kisu, akarudi kwenye majani yake. "Mwanamume ana majukumu," alisema.

Jioni mke wa Sitiveni akaleta katoni ya nyama ya kopo na viazi vikuu, akaviweka barazani, akaondoka bila kueleza ni vya nini. Fusi akaifunga nyama kwenye majani na tui zito. Ilikuwa tamu. Kalolaine alikula mpaka akamaliza, na utamu wenyewe ndio uliomuudhi.

Mwezi uliofuata Bridie akapiga simu, sauti imejaa asali.

"Mpenzi! Hatujakusahau. Wanafunzi wetu wapya wanahitaji watu wa kuigiza ugonjwa. Unalala tu, wanakupima. Unalipwa kwa saa, tena vizuri. Dokta mwenyewe amekutaja. Amesema unafaa kabisa."

Alikubali. Darlene alikuwa amempunguzia zamu tangu siku ile ya kukimbilia treni.

Maabara ilikuwa na vitanda safi kuliko vyote alivyowahi kutandika. Wakamvika gauni lililo wazi mgongoni, wakamlaza, wakaning'iniza kadi miguuni. Vijana wa sare za bluu wakamzunguka, majina kifuani. Mmoja, mwenye madoadoa usoni, akamfunga mkono kwa kitambaa cha kupimia presha na kuanza kukijaza upepo.

"Nimuulize kama inamuumiza?" kijana akauliza.

Mwalimu akasoma kadi. "'Mgonjwa kutoka visiwani. Mpole. Huwa hasemi. Heshimu ukimya wake.' Imeandikwa na mshauri wetu wa mila. Endelea."

Kijana akaendelea. Kitambaa kikakaza, kikazidi kukaza, na kijana akasahau kukifungulia, macho yake yako kwenye kadi. Vidole vya Kalolaine vikaanza kubadilika rangi. Masharti ya kazi yalikuwa wazi: mgonjwa asizungumze na mwanafunzi asipoulizwa.

"Mnaona nini?" mwalimu akauliza.

Kalamu zote zikainama pamoja. Mgonjwa, waliandika, ametulia.