Kura ya Lemuel Voss

Ulimi wangu ukauke kama nadanganya: haya yote niliyaona kwa macho yangu haya, pale Virginia, kabla mtoto wa jicho hajayaingia.

Mwaka ule Lincoln alipogombea urais, watu waliosali kanisa moja waliacha kusalimiana. Kisa utumwa. Bwana Pettus, mwenye mashamba ya tumbaku, akasimama kwenye ngazi za mahakama, mafuta ya nguruwe yakimchuruzika kidevuni, akasema, "Lincoln akipata hapa kura hata moja, binti wa mpishi wangu namuuza kwenye mashamba ya pamba huko kusini."

Watu wakacheka huku wakitafuna nyama aliyowachomea.

Kila mtu alijua kura hiyo ni ya nani. Lemuel Voss, fundi viatu, aliuchukia utumwa wala hakuficha. Na kwetu kura haikuwa siri: ulimtaja mtu wako kwa sauti, karani akarudia, umati ukakushangilia au ukakuzomea.

Dorcas, yule mpishi, akamfuata Voss kibandani kwake.

"Bwana Voss, Tamar wangu bado mdogo. Nakuomba."

"Nikilimeza jina la Lincoln, Dorcas, nitajitazamaje?"

"Jitazame upendavyo. Mimi namtazama mwanangu."

Siku ikafika. Voss alipofungua kinywa tu, nikawafungulia nguruwe wangu mia. Wakaivamia mahakama, karani akaparamia meza, Pettus akabebwa na dume hadi mtoni. Kura haikusikika, na katika vurugu hiyo Dorcas akamtorosha Tamar hadi Ohio.

Juzi nilipofika hapo kwenye kisa hiki, nikikisimulia mbele ya duka, mtu akasema nyuma yangu, "Asa, mzee mzima. Nguruwe gani? Wewe hata kuku hukuwa naye."

Alikuwa Dorcas mwenyewe, sasa bibi kizee aliye huru, amekuja kununua unga. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Desturi yetu, anayenaswa kwa uongo hununulia watu kinywaji. Nikatia mkono mfukoni.

"Kinywaji chako sikitaki," akasema. "Nilipe kwa kusema ilivyokuwa."

Basi nalipa. Voss alipanda ngazi, akavitazama viatu vyake, akamtaja mtu mwingine. Pettus akampa mkono, akamshukuru. Wiki haikuisha, Tamar akapakiwa garini. Mnunuzi alikuwa ameshalipa tangu mavuno. Dorcas alilifuata gari lile akiita mpaka sauti ikamkauka, na Pettus, mdomo umejaa, akatupungia mkono tuliosimama barabarani.

Wapo waliompungia.