Kahawa Inamdhuru

Kijikapu cha kahawa ya kutafuna kilipomfikia, Kemilembe alichukua buni mbili, akapeleka mkono mdomoni, lakini buni zikabaki zimefumbatwa kiganjani. Akaanza kutafuna mate.

Alikuwa na vidonda vya tumbo mwaka wa sita sasa. Daktari alimkataza kahawa, ingawa hakuwa na haja ya kukatazwa. Buni moja tu ilitosha kumlaza siku nzima amejikunja. Lakini leo wanaukoo walijaa sebuleni kwake, Nshamba, kuamua kama mjane asiye na mtoto wa kiume abaki kwenye kibanja, shamba la migomba na mibuni la marehemu mumewe Avit. Kukataa kahawa mbele ya watu hao ni sawa na kuwaita wachawi.

"Ma Kemilembe, sema," alisema Ta Rutaihwa, mkubwa wa ukoo.

Akasimama. "Waitu, wakubwa zangu, Avit alitamka mbele ya mdogo wake, Ildefons huyu huyu, kwamba migomba na mibuni ile..."

Aliponyoosha mkono kuelekea shambani, buni zikaanguka juu ya majani yaliyotandazwa sakafuni. Ildefons akainama, akaziokota.

"Mnaona? Anayeogopa kahawa ya watu anajua alichompa kaka yangu."

Kemilembe akamgeukia. Kahawa ya watu! Aliichuma yeye, akaichemsha yeye, akaianika yeye.

"Ninaumwa tumbo, shemeji. Unajua fika."

"Basi tafuna."

Akatafuna. Hizo mbili, na tatu alizoongezewa. Akaendelea kueleza maneno ya Avit huku jasho likimtiririka, hadi moto ulipopanda kifuani akakimbilia nje. Alitapika damu.

Aliporudi, Ta Rutaihwa alisema naye kwa upole, na upole huo ndio uliomwumiza zaidi.

"Hatusemi ulimuua. Lakini mwanangu, kwa hali hii utapalilia nini? Ildefons ashike kibanja. Wewe nenda kwa kaka zako, ukapumzike."

"Nimekilima nikiumwa, miaka yote hii! Nani alinipumzisha?"

"Pole sana," waliitikia, kama watu walioko msibani.

Kijikapu kikazungushwa tena, kufunga shauri. Kila mmoja akachukua buni zake. Kilipomkaribia, Kemilembe alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Ildefons akakipitisha mbele yake, akampa aliyeketi pembeni yake.

"Huyu mwacheni," alisema. "Kahawa inamdhuru."