Poda Nyekundu Kwenye Pipa

Kila mwaka, siku ya kuziombea mashine, sisi watia rangi vitambaa wa mji wa Surat huvisha kila kitu maua na kukipaka poda nyekundu, hata mapipa. Safari hii Mjomba Ishwarlal alipaka kwa moyo wote, katikati kabisa ya kila lebo.

Kesho yake nikamkuta amefungua pipa, anataka kuchota sabuni kwa kiganja anawe rangi.

"Mjomba, toa mkono! Nani kakwambia hiyo ni sabuni?"

"Hansa, mbona unanifokea kama mke wangu?"

"Mkeo ana subira. Mimi sina."

Nikaifuta ile poda kwa upindo wa sari. Akaruka.

"Unafuta baraka za Mungu?"

"Tazama ulichokifunika."

Chini yake palikuwa na mchoro wa onyo la tindikali: matone yanadondokea mkono, na mkono unalika. Pipa la sabuni lilikuwa pembeni, nalo limepakwa vilevile.

Mjomba akachovya kidole kwenye poda, akauzungushia mchoro ule duara jekundu bila kuugusa. Akaunganisha viganja vyake kuusalimu, vyote viwili vizima.