Mshipi wa Mzee Nkwabi

Mzee Nkwabi wa Didia alikuwa amebakiwa na kiu moja tu duniani: kabla hajazikwa, apatikane japo mtu mmoja wa kumwamini kwamba siku ya Uhuru ni yeye aliyepandisha bendera ya Tanganyika pale kijijini. Wajukuu walikuwa wameichoka habari hiyo. Kila ikifika Desemba tisa, mmoja humkonyeza mwenzake: haya, bendera hiyo inapanda.

Mwaka huu siku hiyo iliangukia kwenye ugeni. Watu wa Geita walikuja kumposa mjukuu wake Generosa. Mazungumzo yalipokwisha kwa heri, ikaletwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, na maziwa ya mgando yakafuata. Mzee alijikaza weee, mwisho akashindwa.

"Ilikuwa kijani juu na chini, nyeusi katikati, na vimistari vya dhahabu," alianza. "Ile nyeusi ilikatwa kwenye kaniki mpya ya mama yangu, akanuna wiki nzima. Sasa, Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili vya wachezaji, nao wamekuja na ngoma zao. Nani angewazuia kushindana siku kama ile? Mimi nimepewa kamba, nangoja amri. Mara Bagalu wakamtoa chatu! Uwanja wote ukawahamia, mpaka mgeni rasmi. Nikajisemea, tukimngoja chatu achoke, Mwingereza atabadili mawazo. Nikapandisha."

Wageni walicheka. Mzee Masalu, rika lake na mtani wake wa tangu ujana, alikuwa akiisubiri nafasi hiyo.

"Na watu waliporudi wakamkuta nani chini ya mlingoti? Marehemu Stanslaus, mwenyekiti wetu, anahutubia. Wewe ulikuwa wapi, bwana? Unambembeleza chatu?"

Hapo ndipo hadithi ya Nkwabi ilipokatikia miaka yote. Alijua fika alikokuwa, ila halikuwa jambo la kusema mbele za watu, sembuse mbele ya wakwe. Akakumbuka harufu ya ile kaniki mpya na vumbi la ngoma. Baada ya Muungano ilikuja bendera nyingine, yenye buluu, naye aliipenda. Lakini ile ya kwanza aliililia moyoni kama mtu anavyomlilia kifungua mimba wake, na leo tena ilikuwa imegeuzwa kichekesho.

"Kijana yule alikuwa mwembamba," ilisema sauti.

Alikuwa Bibi Asteria, nyanya yake bwana harusi, Msumbwa wa Ushirombo aliyeolewa Geita. Tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya salamu.

"Nilikuwa msichana, nimekuja huku kumsalimia shangazi," alisema. "Mimi nyoka simwezi, hata wa kuchorwa. Wenzangu walipomkimbilia chatu, mimi nikapanda ngazi za ghala la pamba. Nikamwona kijana anavuta bendera peke yake. Imefika juu, kamba fupi, haitoshi kufungwa. Akavua mshipi wa suruali, akauungia. Basi akawa anafunga kwa mkono mmoja, wa pili umeshikilia suruali! Kisha akatimkia nyuma ya ghala, akajikunyata huko mpaka hotuba zikaisha."

Masalu alipaliwa na maziwa.

"Babu," Generosa aliuliza taratibu, "ni kweli?"

Habari ya mshipi Nkwabi hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mkewe. Alidhani angeona aibu, lakini machozi ndiyo yaliyomtoka, na wala hakuyafuta.

"Nilicheka sana kule juu," Asteria akaendelea, sasa akimtazama yeye tu. "Halafu upepo ukaifungua bendera, nikaacha kucheka. Tuliiona sisi wawili tu ikipanda, mzee."

"Wabeja," Nkwabi alishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana, mama."

Akainuka ampe mkono. Na mkono wake wa kushoto, bila mwenyewe kujua, ukaenda kiunoni, ukaishika suruali.