Washenga wa Bezawit

Picha aliipiga Bezawit, binti wa dada yangu, lakini kosa ni letu sisi tuliokubali kupigwa. Hapa Gondar washenga ni wazee wa kiume. Hujifunga mashuka meupe mazito, wakashika fimbo, wakakataa kuketi mpaka wapewe neno, na msichana hupita na kahawa macho chini. Bezawit akageuza kibao. Washenga tukawa wanawake watatu, mimi, dada yangu Yeshimebet na jirani yetu Zenebech, tumekunja nyuso kama tuna kesi. Aliyeposwa ni Fitsum, kijana mrefu kama mlingoti, anamimina kahawa kwa haya zote za dunia. Tulicheka mpaka Zenebech akaangusha fimbo.

Picha ikatundikwa mkahawani. Wengine walicheka, wengine wakasonya. Shida ni kwamba Fitsum na Bezawit walikuwa wanapendana kwelikweli, nasi tulimngoja babu aliyemlea kijana, mzee Tessema tunayemwita Gashe kwa heshima, alete posa baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, hakuja mtu.

"Umeona sasa?" dada akamfokea bintiye. "Umemfanya mjukuu wa watu kichekesho! Katoe ile picha leo hii."

"Siitoi, mama. Fitsum mwenyewe anaipenda."

"Fitsum ndiye atakayetuma washenga, au babu yake? Haya, zeekea humu na kamera yako!"

Bezawit alijifungia chumbani akalia. Mimi yule mtoto nampenda mno, na subira sikujaliwa. Nikajitanda mtandio, nikaenda kwa Gashe Tessema.

"Gashe, mbona kimya? Picha imekuudhi?"

"Iniudhi kwa lipi? Nimeshakwenda kuitazama mara mbili." Akanikazia macho. "Si nyinyi mmeshaposa? Mji mzima umewaona. Washenga hawapewi jibu siku ya kwanza, wanarudi tena. Nawangoja, na nyie mmekaa tu!"

"Gashe, acha utani."

"Utani gani? Nikituma wazee wangu kwenu na nyinyi hamjapata jibu langu, nitaambiwa sina adabu."

Basi Jumapili tukajifunga mashuka yale yale, tukatoka. Majirani walijaa milangoni. Dada alinung'unika njia nzima kwamba nimemfanya kituko uzeeni, na mimi nikamwambia atembee. Tulipofika tukakaribishwa viti, tukakataa.

"Mna haja gani?" akauliza Gashe Tessema.

Dada akajibu, "Tumekuja kumwomba mjukuu wako Fitsum, awe mume wa binti yetu."

Nilidhani atacheka, au atuambie turudi siku nyingine. Lakini aligeukia mlango wa ndani, alikosimama mjukuu wake.

"Fitsum, umewasikia mama zako. Wewe mwenyewe unataka?"

"Nataka, babu."

Dada yangu akaangua kilio. Nikadhani ni furaha, nikamshika mkono. "Tumempata, dada. Keti sasa."

"Siyo hilo," akasema. "Siku washenga walipokuja kwa baba kuniposa, nilikuwa nyuma ya pazia, nawasikia. Wakapatana, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyegeuka kuniuliza."

Gashe Tessema aliinuka, akamletea kiti kwa mikono yake mwenyewe, akasimama mpaka dada alipoketi.