Anwani Tatu za Pei-ling

Asubuhi ya kuzindua programu, saa nne kasoro dakika kumi, meza ya sadaka ilikuwa imeshaandaliwa mlangoni mwa chumba cha seva. Palikuwa na nanasi, ubani, na pakiti tatu za kijani za vitafunio vya mahindi, kila seva na yake. Kijani huituliza mashine, ndivyo wanavyoamini mafundi. Pakiti ya njano huitia kiburi. Pei-ling alihakikisha mwenyewe kwamba hakuna iliyokwisha muda wake.

Programu ilikuwa ya watu wasio na nafasi. Siku ya kufagia makaburi ikifika, aliyebanwa na kazi anabonyeza simu, simu inaiuliza seva, seva inamtuma kibarua aliye karibu na kaburi, na picha ya kaburi safi inarudi kabla chai haijapoa. Seva zilikuwa katika miji mitatu, Taipei, Taichung na Kaohsiung, ili moja ikizimika nyingine zishike zamu. Pei-ling alizijenga kwa miezi kumi na moja bila likizo, kwa ahadi moja tu, aliyopewa kazini naye akampa mama yake: siku ya makaburi angekwenda kwao Madou kufagia kaburi la baba yake, aliyezikwa mwaka jana. Mama yake alikuwa ameshamnunulia kofia ya jua.

"Omba wewe, ndiwe uliyeijenga," alisema Meneja Fang, naye hakuwahi kulikiri hilo kabla wala baadaye.

Sadaka ilikuwa ya Mungu wa Ardhi, mlinzi wa kila mahali na waliomo, na anayemwomba hutaja jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, ili ajulikane atafutwe wapi.

"Taja anwani za seva," Fang alinong'ona. "Kwako atafuata nini?"

Pei-ling alizitaja zote tatu.

Mungu wa Ardhi alifuata maelezo. Saa nne na nusu, simu za kwanza zilipouliza na kujibiwa, Pei-ling alikuwa ameketi Taipei, ameketi Taichung na ameketi Kaohsiung, kote akiwa na sweta lile lile lenye doa la mchuzi wa soya. Afisa utumishi wa Kaohsiung alipiga simu kuuliza kama huyu wa kwao anakula nyama. Alikuwa anakula, basi akaagiziwa chakula cha mchana.

Pei-ling alifurahi kwelikweli. Yule wa Taipei alimwendea Fang siku hiyo hiyo.

"Bosi, sasa nimekuwa watatu. Niruhusu mmoja aende Madou siku ya makaburi. Wa Kaohsiung yuko karibu, jioni atakuwa amerudi."

"Seva tatu zenye watu ndicho kiwango cha chini, dada, na umekiandika wewe. Wakibaki wawili wakabishana, nani ataamua?"

Kweli alikiandika yeye, ukurasa wa nne wa mwongozo wa seva. Inauma kufungwa kwa kamba uliyoisokota mwenyewe.

Akampigia mama yake. Akamweleza yote.

"Umekuwa watatu, na hata mmoja hapatikani?"

"Kazi, Mama."

"Hata baba yako alikuwa na kazi. Ahadi ni deni, mwanangu."

Siku ya makaburi ilipofika, Pei-ling wote watatu, kila mmoja mjini kwake na bila kushauriana, walifungua simu wakaagiza kaburi la baba lifagiwe. Seva zilikuwa zimefundishwa kufuta maombi yanayojirudia, lakini haya yalitoka kwa watu watatu, zikayapokea yote.

Saa tano simu zote tatu ziliita. Alikuwa Mama.

"Wamekuja watu watatu hapa kaburini," alisema. "Wana adabu, wana mafagio mapya. Wamefyeka majani, wamewasha ubani, wamepiga picha. Kila mmoja ameniomba nisogee, nisitokee pichani."

Picha zilikuwa zimeshafika. Kaburi lilikuwa safi mno. Kwenye picha ya tatu, pembeni kabisa, ulionekana mkono ulioshika kofia mpya ya jua, ingali na karatasi ya bei ya dukani.

"Umekula?" Mama akauliza.

"Tumekula, Mama."