Aliyekuwa Chini ya Punda

Asubuhi ile Lindalva alipasua bamba la chokaa kwa patasi, akalimwagia maji ili picha itoke, akapiga ishara ya msalaba, kama wafanyavyo wapasua mawe wote wa Nova Olinda, kaskazini-mashariki mwa Brazili. Samaki aliyekuwemo akapiga mkia, akatulia. Lindalva akamtia kwenye ndoo pamoja na wenzake.

Hilo halikuwa jambo la ajabu. Mawe ya kule yamehifadhi viumbe tangu enzi za kale, kabla ya kuwapo watu, na kadiri uchimbavyo ndivyo unavyokuta wa kale zaidi. Lakini mwaka huu shimo la Bwana Anacleto, tajiri wao, liligeuka kinyume. Chini ya samaki walikuta ndege, chini ya ndege mbuzi mwenye kengele shingoni, na juzi punda na tandiko lake. Jamani, hata asiyejua kusoma aliona foleni ile inaelekea wapi! Wapasuaji wakawa wanagonga kwa kusitasita.

Lindalva aliogopa kuliko wote. Mumewe, Expedito, aliingia shimoni siku ukingo ulipoporomoka, hakutoka. Bwana Anacleto alisema katorokea São Paulo na mwanamke. Na kama hakufa mtu, alisema, magogo ya kuzuia ukingo ya nini? Padri naye hamsomei aliye hai misa ya wafu. Basi Lindalva hakuvaa nyeusi, wala hakuvaa rangi, na mtaani walimwita mjane wa mume hai. Chini ya ukingo uleule sasa alichimba mdogo wake, Damião, ndugu pekee aliyebaki naye.

Karibu na saa ya chakula patasi yake ilizama, bamba likafunguka. Akamwaga maji. Expedito alikuwa amelala ubavu, bapa kama ngozi iliyoanikwa, mikono kichwani, kandambili mguu mmoja. Akavuta pumzi moja, akatulia.

"Ndiye," alisema Lindalva. "Kandambili hiyo niliifunga waya mwenyewe."

Bwana Anacleto aliitwa. Akainama, akakagua.

"Mama, mawe haya yana miaka mamilioni. Mumeo alikuwa na mingapi?"

"Weka magogo, Bwana. Nakuomba. Mdogo wangu yuko chini pale."

"Expedito yuko São Paulo anakula raha, wewe unalilia mawe! Na kilichotoka shimoni kwangu ni changu."

Akaagiza bamba lipelekwe nyumbani kwake. Sakafu ya baraza lake ilikuwa imepungukiwa bamba moja.

Damião ndiye aliyepasua bamba lililofuata. Alimwaga maji, kisha akaita.

"Dada, hebu njoo."

Mwanamume wa ndani ya jiwe alikuwa na kofia, mdomo wazi umejaa vumbi, na kidole cha shahada kilichopinda. Damião alivunjika kidole hicho utotoni, alipoanguka kutoka kwenye mkorosho. Akakiweka juu ya kile cha jiwe, vikalingana.

"Hata kofia ni hii hii," alisema.

Lindalva alimshika shati. "Twende nyumbani, Damião. Sasa hivi."

"Tukale nini huko, dada?"

Akalilaza bamba kifudifudi juu ya yale ya kuuzwa, akaokota sururu.

Kesho yake Lindalva alivaa nyeusi, na hakuna aliyemuuliza ni kwa ajili ya nani. Mchana alileta wali na kunde wa watu wawili. Yeye na Damião walikula chini ya ukingo, kwa sababu katika shimo zima kivuli kilikuwa pale tu.